Masizi ya Miaka Tisa

Juzi, hapa Kariobangi, nilimkuta jirani yangu, mama mshonaji, akipaka rangi jikoni mwa nyumba aliyokuwa akihama. Mkokoteni wenye vitu vyake ulikuwa unamngoja nje. Mwenye nyumba akaingia, akapitisha kidole kwenye masizi ukutani.

"Mama, nani amekuambia upake?"

"Keateka, msimamizi wako wa nyumba. Amesema niirudishe nyumba kama nilivyoipata."

"Ungetoboa ukuta, ungeuziba wewe. Lakini huu ni moshi wa kupikia watoto miaka tisa. Rangi ni kazi yangu."

Akaichukua brashi mkononi mwa mama polepole. "Nenda, usichelewe. Asante kwa kunitunzia nyumba."

Mama akajifunika uso kwa leso. Mimi nimepanga nyumba sita huku Eastlands na sijawahi kuambiwa hivyo. Nilishukuru kuisikia asante hiyo, ingawa haikuwa yangu.