Mwenye Shimo Huzaa Mapema

Jana sokoni Musonoi nilinusa manyoya yaliyolowa mkojo, na harufu hiyo ikanirudisha jikoni kwetu, utotoni.

Mama alikuwa na mimba. Alifuga sungura, pamoja na simbilisi, vinyama vinene visivyo na mkia, walioletwa na bibi kutoka mashariki. Asubuhi moja tuliwakuta wote wamezaa. Watoto wa sungura walikuwa vinyama vyekundu, uchi, vipofu, ngozi nyembamba hadi utumbo ulionekana. Nilitema mate. Wale wa simbilisi walikuwa na manyoya, macho wazi, wanakimbia.

"Mama, juu ya nini bitoto bya sungura biko bibaya hivi?"

"Sungura iko na shimo. Inabeba mimba mwezi moja tu, inamalizia batoto mule. Simbilisi haina shimo. Inabeba miezi mbili na kupita, mutoto atoke anajua kukimbia."

Chini ya sakafu nyundo zikagonga. Jirani alikuwa akichimba madini ya kobalti chumbani mwake, na shimo lake lilishafika kwetu. Uvundo wa jasho na matope ukapanda kupitia ufa wa sakafu.

"Basi hata sisi tuko na shimo," nikasema.

Mama akautemea ufa mate, akashika tumbo.

"Huyu abakie kwanza umu ndani. Aote manyoya."