Kurudi ni Mlima

Baba yangu aliendesha lori la udongo mweupe kutoka machimbo ya Kariandusi hadi Nairobi, mpaka magoti yakamkatalia. Kwenda, likiwa na mzigo, lori lilipanda ukingo wa bonde likikohoa; kurudi, likiwa tupu, liliteremka kwa nusu ya muda. Nilipopata kazi London, alizipima safari zangu kwa kipimo hicho hicho. Nilitoka Nairobi saa tatu asubuhi nikatua saa tisa mchana: masaa sita. Kurudi, nilitoka huko saa mbili usiku nikatua kwetu saa mbili asubuhi: kumi na mawili.

"Si unaona?" akasema. "Huko ni chini. Kurudi ni mlima."

Mimi mjuaji nikachukua chungwa na tochi ya simu, nikamzungushia dunia pale mezani. Ndege ni masaa tisa kwenda na tisa kurudi, nikamwambia. Ni vile saa zao ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akalimenya lile chungwa akalila.

"Mami," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye, "hiyo ya vitabu ni sawa. Lakini mlima ni mlima."

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mzee hakuwa mshindani hata kidogo, na nilikasirika kweli.

Mwaka jana alilazwa Nakuru, apasuliwe tumbo kesho yake saa tatu asubuhi. Nilipata tiketi kwa bahati. Nikampigia dada yangu mbio mbio: "Naondoka saa mbili, ndege ni masaa tisa," nikazima simu. Dada akajumlisha kama nilivyomfundisha, akasahau saa za huko, nami katika haraka yangu sikumkumbusha. Akamwambia baba nitatua saa kumi na moja alfajiri, nitakuwa wodini kabla hajaingizwa.

Baba akakataa katakata. "Huyo anapanda. Kabla ya saa sita hafiki." Akamwomba daktari amsogeze hadi mchana. Daktari akaona masaa machache hayangemdhuru, akakubali.

Nilitua Nairobi saa mbili asubuhi, na kwa barabara nikafika wodini Nakuru saa sita na dakika kumi. Alikuwa macho, amevaa lile gauni la kijani, anacheka.

"Umepanda salama?"

"Nimepanda, baba."

Karibu masaa mawili nilimshika mkono, mkono mgumu wa usukani, akaniuliza habari za huko chini. Nilimwambia nampenda, neno ambalo kwetu halisemwi. Akasema anajua, kwani nani mwingine angeupanda mlima huo wote.

Saa nane wakampeleka. Hakuamka tena.

Nililia, na bado nalia, lakini zaidi nashukuru. Namshukuru daktari aliyekubali hesabu ya dereva wa lori. Na kila nikimenya chungwa, namshukuru Mungu kwamba siku ile pale mezani nilishindwa.