Mwano Katikati ya Mchezo

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafundisha kijijini Nkololo, na niliamini tamthilia za kale zinatibu kila kitu. Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa: wanunuzi binafsi walimiminika, na ndugu wakanuniana juu ya nani amuuzie nani. Nikatafsiri mchezo wa kale wa mji uliovamiwa, wenye mapatano mwishoni. Kijiji kingejifunza amani kwangu.

Mfalme adui aliigizwa na karani wa pamba, kijana aliyefika juzi kutoka Maswa. Ili nyara zake ziaminike, nilimwazimia ng'ombe wawili wa jirani. Malkia alikuwa mama mmoja mkulima, mwenye sauti.

"Mwalimu, mji ukivamiwa nilie vipi?"

"Piga mwano, mayu," nikamwita mama kwa lugha ya kwetu.

Akanitazama. "Mwano wenyewe?"

"Wenyewe! Sanaa ni ukweli."

Mwano ni yowe la kuitana pale wezi wa ng'ombe wanapoingia. Anayelisikia hushika upinde na kukimbia, hasimami kuuliza. Hilo nililijua tangu utotoni. Nilidhani tu kwamba wote wa kulisikia walikuwa wameketi mbele yangu.

Siku ya mchezo mama yule akalipiga. Nywele zilinisimama kwa furaha. Kisha likajibiwa kutoka ng'ambo ya korongo. Likajibiwa tena, mbali zaidi. Watazamaji wakaacha kucheka.

Wanaume walifika wakihema, wakamkuta mtu wasiyemjua ameshika kamba za ng'ombe wa jirani yao. Rungu la kwanza lilimwangusha. Nikafungua mdomo nieleze kwamba ni sanaa. Elimu yote ile, neno halikutoka.

Malkia ndiye aliyemlalia kwa juu. "Nipigeni na mimi basi! Ni mchezo, mchezo wa mwalimu huyo!"

Marungu yakasita. Kiongozi wao akanigeukia. "Huyu ni mgeni wa nani?"

Karani alinitazama kwa jicho moja. La pili lilijaa damu.

"Wangu," nikasema, kwa sauti ya mtu anayekata roho.

"Sema tusikie!"

"Ni mgeni wangu!"

Tulimlaza juu ya turubai la pamba, tukaanza safari ya zahanati kwa miguu. Mimi nilitangulia. Nyuma yangu karani akaita kwa sauti ndogo, "Mwalimu, wale watu wameondoka?"

"Wameondoka," nikamjibu.

Walikuwa wanne, pinde mgongoni, kila mmoja ameshika pembe yake ya turubai.