Korongo Wangu wa Kabungu

Kundi la kuangalia ndege tulilianzisha mimi na mkamwana wangu, kwenye simu. Mimi kusoma najua kidogo tu, kwa hiyo nikasema humu tutatumiana sauti. Basi nikawa naongea mimi. Nikiona hondohondo nawasimulia mpaka anavyotembea kama mzee anayeenda kudai mahari. Watu walicheka, wakaingia wengine, hata siwajui.

Siku moja nikaona korongo wawili, wale wenye taji, wametaga kwenye majaruba ya mpunga huku Kabungu. Furaha ikanizidi. Nikawaelekeza wote: pita mashine ya kukoboa, vuka mfereji, hesabu majaruba matatu, kiota kiko kwenye matete.

Wiki haikuisha. Nilipoenda nikakuta matete yamekanyagwa, mayai hakuna, korongo mmoja hayupo. Palibaki kipande cha kamba ya manila. Kuna watu wanawakamata wakawafuge uani kama kuku.

"Mama, wewe ukielekeza, hata kipofu anafika," mkamwana wangu akasema. Zamani akisema hivyo tulikuwa tunacheka.

Tukaweka sheria, hakuna kutaja mahali. Kundi likapoa. Mimi mwenyewe nikianza kusimulia nakwama njiani.

Yule korongo aliyebaki bado anakuja. Juzi alivyoita nikabonyeza kurekodi, nikanyamaza mpaka akamaliza. Nikatuma sauti yake tu.

Mtu mmoja akajibu upesi, "Bibi, huyo yuko wapi?"

Nikaizima simu.