Nyota za Upande wa Chini

Siku ile dukani tulikuwa watano. Nilikuwapo mimi, dada mkubwa. Mdogo wangu wa kiume alikaa mbele ya kompyuta, na mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka minane, alikuwa mapajani mwake ili mikono ifikie vitufe. Bibi yetu mzaa mama alikaa juu ya gunia la mchele, ameipa mashine mgongo. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alisimama mlangoni akijipepea kwa kofia yake. Watatu kati ya hao sasa ni marehemu.

Duka lilikuwa Bondeni, mjini Kyela. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vikaanza kushushwa kwenye malori. Kompyuta ile ilitoka Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, na mzee alikusudia kuwachapia watu barua. Wenye barua walikuwa wachache. Mdogo wangu alikuwa sekondari na jioni alimchapia mzee. Mimi shule niliiacha mama alipomfuata baba kaburini, ili wadogo wangu wapate chakula na huyu wa kiume aendelee kusoma. Nilinunua mchele vijijini Ikolo na kuuza gulioni Ipinda.

Ndani ya mashine mlikuwa na mchezo wa chombo cha angani. Nyota zake zilikuwa nukta tu. Ungeendesha mchana kutwa na zisikukaribie hata kidogo.

"Hizi ni kama pazia," mdogo wangu aliniambia. "Nataka nyota za kweli, na mtu akikaza mwendo azifikie."

Alikuwa amegundua kwamba maagizo ya mchezo ule yangeweza kufunguliwa, kusomwa na kuongezewa mengine. Kila nyota aliipa namba za mahali ilipo na umbali wake. Umbali alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Mahali tulipima wawili, baada ya kula, tukisimama kwenye tuta la shamba la mpunga. Unanyoosha mkono, unakunja ngumi, unahesabu ni ngumi ngapi kutoka ukingo wa ziwa hadi kwenye nyota. Ya karibu kuliko zote ilikuwa juu ya ziwa, moja ya zile mbili zinazoufuata Msalaba wa nyota nne. Kwa kipimo alichokiweka, kuifikia kulichukua muda wa sufuria ya ndizi kuiva.

Hatukuona kosa letu. Tulikuwa tumeandika nyota zilizosimama juu ya shamba letu jioni za kiangazi, basi. Chini ya chombo hakukuwa na chochote. Aliyeligundua ni yule mdogo wa mwisho, maana yeye kila akipewa zamu alibonyeza mshale wa chini. Nyota zinapanda, zinatoka juu ya kioo, kinabaki cheusi. Naye anaendelea kubonyeza, ametulia kabisa.

Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Namfuata mama."

Hayo aliyapata kwa Bibi. Kanisani tulifundishwa mbinguni, lakini Bibi alikuwa Mnyakyusa wa zamani, na kwake waliokufa wanakaa chini, katika nchi yao. "Juu kuna nani?" alikuwa akisema. "Tulimshusha chini, na ninyi mlikuwapo." Mtoto aliamini alichokiona kwa macho yake.

Weusi ule ulinifuata nyumbani. Nikipepeta mchele nauona kwenye ungo. Mtoto aliacha kucheza na wenzake. Akitoka shule anakwenda dukani moja kwa moja, na tukimwita kula anaitika kama mtu aliye chumba kingine. Niliogopa kwamba tunampoteza akiwa hai.

"Huyu mtoto anakula umeme wangu na salamu hanipi," mzee alisema. "Mchukueni."

"Utoe huo mshale wa chini," nilimwambia mdogo wangu.

"Nikiutoa atatafuta njia nyingine, dada. Mtu anayekwenda gizani bila kufika mahali harudi. Nitamwekea kitu huko akifikie." Kisha akaniuliza, "Ukiondoka alfajiri kwenda Ipinda, unaona nyota gani?"

Ilikuwa Agosti. Zilizopanda alfajiri nyuma ya milima ya Livingstone hazikuwa zile za jioni. Hizi, ikifika jioni, zilikuwa chini yetu, chini ya mpunga na chini ya makaburi. Kwa hiyo nikawa nazipima njiani, mchele kichwani, ngumi nimeielekeza milimani.

"Mwenzetu," wanawake niliofuatana nao walinicheka, "mlima umekukosea nini?"

"Umekopa mchele wake," mmoja akajibu.

Nilimletea mdogo wangu zile tatu zilizojipanga, na nyeupe kali inayozifuata. Nilimletea na Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wakulima hukitazama kujua msimu. Ile nyeupe mwalimu alisema iko jirani. Kilimia kilikuwa mbali mno. Kwa kipimo chetu, chombo kingekwenda siku nyingi mfululizo bila umeme kukatika.

"Kisogeze karibu," nilimwambia. "Nani atajua?"

"Nikidanganya kimoja, na nyingine zote ni uongo."

Ndiyo siku ile tuliyokuwa watano. Bibi alikuja kutuita nyumbani akakuta mtoto yuko safarini. Alimsalimia mzee, "Ugonile," akakaa kusubiri. Mtoto alibonyeza mshale wa chini. Weusi ukaja kama kawaida, kisha katikati yake ikatokea nukta. Ikakua. Nilimwona mtoto akishika mkono wa kaka yake. Nukta ikawa punje, ikawa sahani, ikajaza kioo chote kwa weupe hata uso wake ukang'aa.

"Hata Dubai si mbali hivi," mzee alisema, lakini alikuwa amesogea kuona.

Chombo kikapita. Weusi ukarudi.

Mtoto aligeuka akamtazama kaka yake. "Hayupo."

Nilitaka amwambie ukweli, na nilitaka asimwambie. Bibi hakugeuka. Mdogo wangu akasema, "Hii ni ya karibu tu. Chini zaidi kuna Kilimia. Nitakupeleka."

"Lini?"

"Nikimaliza kukiweka."

Hakumaliza. Mzee aliiuza mashine kwa mtu wa Mbeya kabla ya mvua. Mdogo wangu alihifadhi mchezo kwenye disketi, akaufunga kwa nailoni, akasema akipata mashine ataendelea. Katika masika yaliyofuata homa ilimpanda kichwani. Tulimzika kando ya mama.

Kwetu, kabla watu hawajatawanyika kaburini, msemaji wa ukoo huuliza madeni. Baba mdogo alisimama na koti lake limelowa. "Anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje kwetu wafiwa." Watu walinyamaza, kama wanavyonyamaza siku zote. Wengi husamehe palepale.

"Mimi namdai," alisema mdogo wetu wa mwisho.

"Unamdai nini, mwanangu?"

"Kilimia."

Wachache walicheka kwa chini, wakidhani ni majonzi ya mtoto. Mama mmoja alimshika bega. "Msamehe kaka yako, mama. Apumzike."

"Simsamehi."

Baba mdogo alinitazama. Deni la marehemu huchukuliwa na mkubwa wake, na mkubwa nilikuwa mimi. Nilisema mbele ya wote, "Nimelipokea."

Usiku mwingi tangu hapo nimeota nikishuka katika weusi ule, na aliye mbele yangu ni mtoto yule, hageuki. Disketi iliota ukungu. Vijana wa kompyuta mjini waliniambia mashine za kuisomea hazipo tena. Namba za Kilimia ninazo kichwani, na umbali wake ninaujua. Sijui jinsi ya kuviandika viwe mahali mtu anapoweza kufika.

Mtoto yule sasa ni mama wa watoto wawili. Mwaka jana alikuja likizo, tukakaa jikoni tukichagua mawe kwenye mchele. Hakuinua macho.

"Dada, bado?"

"Bado," nikamwambia.

Akaendelea kuchagua.