Kola ya Mtoto wa Mfalme

Mkitaka kunicheka nichekeni polepole, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya sabini, na hadi leo nikipita kanisani Matiliku kuna watu wanaonishikia shingo zao.

Nilikuwa nimenunua cherehani, na mama mkwe alikuwa amesema wazi: nguo ya kwanza ikiharibika, cherehani inauzwa na mimi narudi kwenye jembe. (Siyo kwamba nalichukia jembe. Jembe ndilo linalonichukia.) Basi wifi yangu Ndunge akanipa kazi ya kumshonea binti yake Mbithe, wa miezi minane, gauni la kubarikiwa kanisani, na mimi badala ya kushona la kawaida nikakumbuka ile picha ya kale sebuleni kwa pasta, ya mtoto wa mfalme fulani wa Ulaya, mashavu tele, gauni hadi chini na kola ya lasi pana kama sinia. Nikatangazia soko zima kwamba nashona gauni la binti mfalme. Kola ikakataa kusimama, nikaipaka uji wa mahindi, nikapiga pasi, ikasimama!

Jumapili tukaingia, watu wakageuka, nami natembea kwa maringo, kumbe Mbithe ana njaa, akageuza kichwa akalamba kola, akaipenda, akaendelea, na kufika mbele kwa pasta upande mmoja ulikuwa umelala begani, umelowa chepechepe.

"Mwende, hii staili umetoa wapi?" pasta akauliza.

"Kwa yule binti wa mfalme kwa sebule yako, pasta."

"Binti? Huyo ni kijana! Zamani huko hata vijana walikuwa wanavalishwa gauni."

Kanisa likaangua kicheko, Ndunge akafunika uso, nami nikaliona jembe langu waziwazi. Ndipo mama mkwe akasimama.

"Mnacheka nini? Mtoto wa mfalme amevaa, mjukuu wangu amevaa. Wenu wamevaa nini?"

Wiki hiyo nilishona kola saba, nne za wavulana. Tangu hapo sigusi picha kabla ya kuuliza ni ya nani. Lakini mteja wa kwanza, Jumatatu asubuhi, alikuwa mama mkwe mwenyewe na kitambaa chake cha maua.

"Nipime," akasema. "Lakini yangu usitie uji."