Nyama ya Siki

Mume wangu alisoma Ujerumani miaka sita, na mimi nikaolewa na miaka hiyo sita. Hakuna chungu nilichokiinjika katika nyumba yetu ya Nizwa ambacho hakikulinganishwa na vya kule. Pilau? Inalemea tumbo. Mchuzi wa nazi? Unaleta usingizi. Kuna nyama, anasema, inalala kwenye siki siku nne, ikipikwa inakatika kwa uma, na inaliwa na madonge ya mbatata na kabichi jekundu. Akiitaja hufumba macho. Na mimi nimesimama mbele yake na mwiko mkononi, jasho linanitoka, mtoto wa watu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, wifi yangu, dada yake mkubwa anayekaa Ibra, akapiga simu kwamba yeye na mumewe watakuja kula kwetu Ijumaa. Nikamgeukia bwana. "Basi pika wewe hiyo nyama yako. Tuione, tupumzike."

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Wifi aile mbele yangu, aseme ni upuuzi, na mimi nisisikie tena habari yake mpaka naingia kaburini.

Akakubali, tena kwa furaha! Mwanamme asiyejua hata chumvi inakaa wapi akalikamata jiko lote. Alikwenda mpaka Maskati kutafuta tembe za mti gani sijui, akarudi mikono mitupu. Wajerumani wenyewe hutia mvinyo. Yeye, alhamdulillahi, akatia maji ya zabibu. Akatia siki chupa mbili, karafuu, pilipili manga na vitunguu, akalizamisha pande la nyama ya ng'ombe, akaliweka kwenye friji kama amana ya watu. Kila akirudi kutoka kazini kwake kule Firq, kabla hata ya kunisalimu mimi, anakwenda kuigeuza. Ati ilale sawasawa. Mimi hakuna siku aliyoniuliza kama nimelala sawasawa.

Ijumaa, akitoka kwenda kusali, akaniambia, "Nitolee nyama, nikirudi naipika. Lakini usiichezee."

Nikaitoa. Lahaula! Imekuwa kijivu, inanuka siki mpaka macho yanawasha, na maji yake meusi. Tena nikakumbuka kwamba siku ile aliitia kama ilivyotoka kwa mchinjaji, haikuona maji hata tone. Kwetu nyama haiingii chunguni kabla ya kukoshwa. Mama yangu aliisugua kwa unga na ndimu, akaisuuza maji matatu mpaka yatoke meupe, na mikono yangu haijui njia nyengine. Nikayamwaga yale maji meusi yote kwenye sinki. Nikaisugua nyama, nikaikosha, nikairudisha bakulini na siki mpya, maji na karafuu mbili tatu. Nikajiona nimewaokoa watu na tumbo la kuendesha.

Akarudi, akavaa aproni yangu ya maua, akaanza. Akaikaanga nyama, kisha akalichukua bakuli ili aimwagie yale maji. Akasimama.

"Mbona meupe? Haya ndiyo mchuzi wenyewe. Siku nne zote zimo humu."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. "Mimi nitajuaje siki za Wajerumani?" nikamjibu.

Akayatia hivyo hivyo. Nyama ikachemka saa tatu. Madonge ya mbatata yalimvurugikia majini mara mbili, na mimi nimekaa kitako nakunywa kahawa, simsaidii. Kisha akavunjavunja biskuti za tangawizi, akazitia kwenye mchuzi. Biskuti! Kwenye nyama! Nikasema leo wallahi nimefika, wifi hawezi kuinyamazia hii.

Wageni wakaja baada ya magharibi. Tukaamkiana, tukakaa, akatupakulia mwenyewe. Wifi akatafuna, akatafuna. Mumewe akanywa maji.

"Ndugu yangu," wifi akasema, "hii ndiyo uliyotupigia kelele miaka yote? Haina ladha ya kitu! Kandambili hii!"

Nilicheka mpaka mtandio ukanianguka. Nilikuwa nimeshinda.

Bwana hakucheka. Alikuwa anatafuna polepole, anasikiliza mdomo wake.

"Siyo hii," akasema. "Kule nilikuwa nakula mkate na mayai, bwenini. Miaka sita, nyumba iliyonifungulia mlango ni moja. Bibi mzee mmoja, alikuwa anatufagilia darasa. Siku ya baridi kubwa wenzangu wote wamekwenda makwao, akanichukua, akanikalisha kwenye kiti cha marehemu mumewe, akanipikia. Niliila siku ile moja tu."

Wifi akaweka uma chini. Miaka yote ile nilidhani alikuwa anaila kila wiki.

Akakigeuza kipande sahanini. "Labda nimeshaisahau ladha yake. Nimekuwa mtu mzima."

Nilikuwa na la kumwambia. Kwamba hakuisahau, niliimwaga mimi kwenye sinki mchana ule, alipokuwa msikitini. Lilinifika mpaka kwenye meno. Nikamwongezea donge la mbatata.

"Kula," nikamwambia, "itapoa."